Nusu ya Butoyi

Jumamosi, 14 Juni

Leo mama kaniamuru nizime mashine ya kuchomelea saa kumi na moja jioni, Fuso ya watu ikiwa juu ya jeki, kwa sababu mwanawe anaanza mbio huko Ufaransa. Ni mbio za saa ishirini na nne. Madereva watatu wana gari moja, wanapokezana kiti, na mama kaweka kigoda mlangoni pa gereji yangu ananiuliza kila baada ya muda nani yuko ndani. Nikitazama simu nikamwambia ni mwenzake, anaendelea kunywa uji. Nikimwambia ni Toyi, anaweka kikombe chini na kushika rozari.

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya hasira zangu. Nikizisema nyumbani naambiwa nina wivu. Basi nitaziandika humu mpaka msimu wa mbio uishe mwezi wa kumi na moja, tuone kama zitapungua.

Jina langu ni Kiza. Mtu wa Kigoma akilisikia haulizi: ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Wa kwanza wa mapacha huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, anayewafuata ni Kiza. Yaani hata jina langu ni habari za watu wengine. Bukuru wetu alibatizwa Feliksi, anauza dagaa na migebuka kwenye mwalo wa Katonga. Butoyi, tunayemwita Toyi, ndiye huyo wa kwenye simu. Sasa anaitwa Rémi Vauclair, dereva wa Ufaransa, miaka thelathini na miwili, na hajui kama tupo duniani.

Jumapili, 15 Juni

Wamekuwa wa tano. Mama hakulala mpaka mbio zilipoisha. Fuso nimeimaliza peke yangu.

Jumanne, 24 Juni

Mteja kaona jina la Vauclair limeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa gereji (mama alimwomba mtoto wa jirani aandike) akauliza ni kampuni gani. Nikamwambia ni ndugu yangu. Akacheka, nami nikamtoza bila kumpunguzia.

Ilivyokuwa ni hivi. Butoyi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Mwaka wakimbizi wa Burundi walipojaa, kulikuwa na daktari Mfaransa na mkewe kambini, wakamwona mtoto anavyogeuka bluu akilia. Wakasema Ufaransa anapona. Marehemu baba alikataa, mama akaweka dole gumba. Yeye alielewa kwamba mtoto anakwenda kutibiwa na kurudi. Karatasi ilisema mengine. Barua za Kifaransa zilikuja parokiani kwa miaka sita, Eliakimu wa duka la dawa akitusomea kwa kuwa alisoma Bujumbura, na ya mwisho ilikuwa na picha ya mtoto mwenye kofia ya chuma ndani ya kigari kidogo, jina ubavuni. Baada ya hapo kimya.

Sasa, kwetu mapacha hawapitani. Ukimpa mmoja kitu, mwenzake naye apate kilekile, la sivyo aliyenyimwa atadhurika. Kwa hiyo kila Krismasi mama alinunua mashati mawili yanayofanana. Moja la Feliksi, moja la sandukuni. Sanduku hilo lina mashati thelathini sasa, kuanzia la mtoto wa miaka miwili mpaka la mtu mzima, na kola zake hazijawahi kuguswa na shingo. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na sketi iliyotoka kwa binti wa jirani. Siku moja nilivaa shati la Toyi la mwaka ule kwenda kanisani, nikachapwa mbele ya wageni.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Hawakufika kwetu Kidahwe.

Alhamisi, 3 Julai

Vumbi. Malori manne ya Kasulu yamepita bila hata moja kuharibika.

Jumamosi, 12 Julai

Feliksi kaja na mtu wa Mwanza aliyevaa viatu vyeupe. Anataka kiwanja chetu ajenge kituo cha mafuta, maana tuko barabarani kabisa. Anakitaka chote, na anataka jibu kabla ya Desemba.

Kiwanja mama alishakigawa zamani, mbele ya baba mdogo, Mzee Samson. Upande wa mgomba ni nusu ya Bukuru. Upande wa barabara ni nusu ya Butoyi. Gereji yangu, niliyoijenga bati kwa bati kwa miaka saba, imesimama kwenye nusu ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapa na miguu yake mwenyewe.

Nilimwambia mama anipe mimi nusu hiyo. Akasema hawezi kugawa cha mtu asipokuwepo. Feliksi akasema basi kiuzwe chote, fungu la Toyi liwekwe. Mama akasema hilo nalo ataliamua Toyi kwa kinywa chake. Nikamuuliza kinywa hicho kiko wapi. Akaniambia nisiwe na wivu.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamua kumtafuta mwenyewe. Kifaransa ninacho: fundi aliyenifundisha kazi kule Ujiji, Hamdani wa Kalemie, alitufokea kwa Kifaransa miaka mitano mizima. Nakijua cha klachi, cha gia, cha matusi, na cha kawaida kidogo.

Leo nimesoma kila kitu kilichoandikwa juu yake. Kigari kidogo akiwa na miaka saba. Magari ya kiti kimoja akiwa na kumi na sita, bingwa wa vijana akiwa na kumi na tisa. Wakampa nafasi ya akiba kwenye timu kubwa, akaendesha mbio tano, kisha kiti kikachukuliwa na mtoto wa tajiri. Baada ya hapo akaingia kwenye mbio ndefu, na huko ameishi miaka minane akibadilishana kiti na wengine. Mara moja tu wamekuwa wa tatu kwenye zile saa ishirini na nne. Mwandishi alimuuliza asili yake, akajibu: Burundi, wazazi walikufa vitani.

Burundi. Wazazi walikufa. Mama alikuwa nyuma ya nyumba akikamua mawese, mzima, anaimba.

Nimemwandikia maneno sita tu: Mama yako yuko hai. Yuko Kigoma.

Jumamosi, 2 Agosti

Jibu limekuja kutoka kwa msaidizi wake. Anashukuru mashabiki wa Afrika. Kaambatisha picha ya Vauclair amekumbatia kofia, na saini.

Nilitaka kuifuta, mama akawahi kuiona. Kaipeleka duka la steshenari kuchapisha. Halafu, kwa kuwa mapacha hawapitani, kamwita Feliksi kutoka Katonga akapigwe picha ya ukubwa uleule, amekumbatia ndoo ya dagaa. Zote mbili zimetundikwa sebuleni. Uso ni mmoja. Hata namna ya kukunja mdomo kama mtu aliyepunjwa ni ileile.

Jumatano, 20 Agosti

Moshi wa milima inayochomwa. Macho yanauma. Mtu wa Mwanza kapiga simu tena.

Jumapili, 7 Septemba

Toyi amepata ajali.

Gari lake liligongwa ubavuni, likaenda kwenye ukuta wa matairi. Nimeona video. Mlango ulikaa muda bila kufunguka, na nilijikuta nimeshika spana kwa nguvu mpaka kiganja kikauma. Alitoka. Amevunjika mfupa wa bega la kushoto. Nilipomweleza mama, hakulia. Aliuliza tu ni upande gani.

Jumanne, 9 Septemba

Sijui nicheke au nichome nyumba. Feliksi kaja asubuhi na gunia la dagaa, mama kamkalisha, kachukua khanga na kumfunga mkono wa kushoto shingoni. Kasema atakaa hivyo mpaka mwenzake apone. Feliksi kasema hajaumia, ana mzigo Katonga, mwezi huu dagaa ndio wanatoka. Mama kamwambia mwaka ule Toyi alipochomwa sindano za safari, yeye Feliksi alipata homa siku tatu kwa sababu hakuchomwa. Mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, mwenye watoto wanne, akainamisha shingo afungwe vizuri. Amebaki na mkono mmoja.

Nilimpiga picha. Nilifanya kwa hasira, sitasema uongo kwenye daftari langu. Amekaa mlangoni, khanga shingoni, mdomo umekunjwa. Nikamtumia Vauclair moja kwa moja nikiandika hivi: "Huyu ni pacha wako. Hajavunjika. Amefungwa kwa sababu wewe umevunjika. Shabiki wa Afrika."

Alhamisi, 11 Septemba

Amepiga. Saa nne asubuhi, simu ya video. Alikuwa na mkono shingoni, upande uleule.

  Nikaigeuza simu kwa Feliksi. Walitazamana kama watu wanaojitazama kwenye kioo wanyoe ndevu, halafu Feliksi akasema, "Mwambie huyu apone upesi, dagaa wangu wanaoza." Nikatafsiri. Kule Ufaransa mtu akaanza kulia.

Karatasi zake zinasema yatima. Aliyezijaza hayupo wa kuulizwa, na mama yake wa kule alikufa bila kusema. Baba yake wa kule alimwambia habari za moyo tu. Nilijiandaa kwa miezi mitatu kumtukana, nikakosa pa kuanzia. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza, ndogo, ya kulaza vumbi. Feliksi kafunguliwa mkono.

Jumatano, 15 Oktoba

Anapiga kila Jumatano. Mama humwambia "mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, hata kama ni jioni, yeye anaitikia kwa kupiga makofi polepole kama alivyofundishwa. Leo aliomba abaki na mimi. Kaniambia timu haimtaki msimu ujao, mkataba umeisha, kiti kimepewa kijana. Kila dereva wa mbio hizi ana kiti chake cha povu kilichochongwa kwa mgongo wake, kinapachikwa anapoingia na kung'olewa anapotoka. Chake wamempa kwenye mfuko wa plastiki aende nacho nyumbani.

Nilimwonea huruma. Halafu nikakumbuka kwamba gereji yangu imekaa juu ya kiti chake, huruma ikapungua. Nilimweleza habari za kiwanja, nusu kwa nusu, na mtu wa Mwanza. Sikumwambia waziwazi ninachotaka. Nilidhani mwenye akili ataona.

Ijumaa, 21 Novemba

Ameshuka uwanja wa ndege wa Kigoma kwenye mvua ya mawe. Mama alimshika uso, akamfungua kifungo cha shati mbele ya watu wote, akaweka sikio kifuani. Alisikiliza mpaka askari wa uwanja wakaacha kazi zao.

"Tundu limeziba," akasema. Ndipo akamsalimia.

Jumamosi, 22 Novemba

Sanduku limefunguliwa. Mama ameyatandaza mashati yote thelathini kitandani kwa mpangilio wa miaka, Toyi akayavaa yanayomtosha, moja baada ya jingine. Lile nililochapiwa lilikuwepo. La kijani, kola nyeupe. Nilitoka nikaenda kufungua gia boksi ambayo haikuwa na ubovu.

Jumapili, 23 Novemba

Nataka kuiandika siku hii yote, hata kama mkono hautaki.

Baada ya misa, Mzee Samson aliita kikao ukumbini kwa mama. Tulikuwa sisi, wazee wawili wa jirani, na Feliksi. Mvua ilikuwa inapiga bati, mtandao umekatika, na Eliakimu alikuwa Kasulu kuchukua dawa. Kwa hiyo mwenye Kifaransa nilikuwa mimi peke yangu. Mzee Samson akasema, kwa kuwa Butoyi amekuja mwenyewe, aseme kwa kinywa chake anavyotaka juu ya nusu yake. Nikatafsiri hadi hapo sawasawa.

Toyi aliongea taratibu akitazama chini. Alisema maisha yake yote amekaa kwenye viti vya watu na msimu ukiisha anang'olewa. Alisema hakujua kama kuna ardhi popote inayoitwa kwa jina lake. Nusu ile asiiguse mtu, isiuzwe, asipewe mtu. Atajenga nyumba hapo.

Hakutaja gereji wala hakunitaja mimi. Miaka saba ya bati na saruji, na miezi ya kumtafuta, na hakuniona.

Wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Anashukuru sana. Nusu yake anampa Kiza."

Ilinitoka laini kabisa. Mzee Samson akaguna kwa kuridhika, Feliksi akanitazama kwa jicho la pembeni, na Toyi akatabasamu kwa heshima, hajui nimemfanya nini.  Mama aliinuka, akatoka mvuani, akachota udongo wa uwanjani kwa mkono, akarudi akauweka kwenye kiganja cha Toyi. Toyi akautazama. Akafumba ngumi, kisha akautia mfukoni mwa suruali, tope lote na maji yake, akaushika hukohuko kwa nje.

"Kiza, mwana wanje," mama akasema, yaani mwanangu kwa Kiha, "mtu aliyegawa kitu hakitii mfukoni. Sema tena, na safari hii sema alivyosema."

Nikasema. Neno kwa neno, pamoja na vile viti vya watu. Nilisema kwa hasira na si kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye. Toyi akaniuliza kumetokea nini. Hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Nikamweleza mwenyewe, kwa Kifaransa cha gereji, kwamba nimemsemea uongo ili nimnyang'anye.

Halafu nikamgeukia mama. Nilisema yote ya daftari hili, tangu sketi ya jirani mpaka leo. Nikamwambia, "Mashati thelathini, mama. La kwangu liko wapi?"

Mama hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Wewe ulikuwepo," alisema.

Nilitoka. Nimeandika haya nikiwa ndani ya Fuso ya mtu wa Manyovu, na bado nasikia maneno hayo mawili. Kana kwamba kuwepo ni mshahara.

Jumatatu, 24 Novemba

Mapacha hawapitani. Toyi hauzi, kwa hiyo Feliksi naye hauzi. Mtu wa Mwanza kaondoka na viatu vyake. Feliksi kanuna nusu siku, kisha kachukua jembe kupanda maharage kwenye nusu yake. Hakuna anayesema nami zaidi ya salamu.

Alhamisi, 27 Novemba

Toyi amerudi Ufaransa. Hakuniaga kwa maneno, alinishika mkono tu. Mashati manne amekwenda nayo. La kijani lilikuwa limekunjwa kwenye benchi langu la kazi, juu ya spana. Halinitoshi hata kichwa. Nimeliweka kabatini.

Ijumaa, 28 Novemba

Jioni Eliakimu wa duka la dawa kaja na karatasi. Kumbe Toyi alikwenda kwake Jumanne, kimyakimya, wakaiandika kwa lugha mbili, Mzee Samson akashuhudia na mama akaweka dole gumba. Safari hii alisomewa mara tatu kabla ya kuliweka.

Inasema nusu ya Butoyi ni ya Butoyi. Inasema gereji iliyo juu yake ni ya Kiza, na hapo iliposimama hakuna wa kuiondoa, si yeye, si watoto wake, si mnunuzi, maisha yote ya Kiza. Nyumba ataijenga kwa nyuma. Kuna sharti moja. Kila Jumatano nimfundishe Kiswahili, mpaka siku atakapoweza kukaa kwenye kikao cha wazee akasema lake bila mtu wa kumsemea.

Nimeisoma nikakasirika upya. Kanipa nilichokitaka na kanichapa kibao kwenye karatasi moja, na hakuna mahali pa kubishia. Nilitafuta kalamu nikasaini.

Jumatano, 3 Desemba

Msimu wa mbio umeisha, mvua ndiyo imeanza kweli. Hasira bado ninazo, ila kurasa zimekwisha.

Leo ilikuwa somo la kwanza. Toyi alikuwa tayari kwenye simu na daftari lake. Aliuliza tuanze na neno gani, salamu au hesabu. Nikamwambia alitamke kwanza, maana yake nitampa wiki ijayo. Nikasema, "Samahani."

Akalirudia. Ulimi ulimkwama kwenye h, nikamrekebisha, akarudia tena akinitazama usoni, tena na tena, mara tano, mpaka likatoka safi. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Aliacha kunywa uji, akaweka kikombe chini.